Kaka yangu yuko mahabusu anasubiri kupimwa akili, hivi hii kitu haiwezi kwenda haraka zaidi?

dada_wa_mwisho:
Habari zenu wakuu, naombeni mawazo hasa wanasheria na watu wa afya mliomo humu. Nina kaka yangu, tumbo moja, ana tatizo la akili la miaka mingi, kijijini kila mtu anajua na kadi ya kliniki anayo. Akitumia dawa yuko vizuri tu, analima, anachunga, anataniana na watu, zikikata ndo balaa. Safari hii zilikata, zahanati ya kijiji hamna, kwenda mjini nauli hamna, usiku mmoja akamvamia jirani na jembe akamjeruhi mkono na kuvunja mlango. Jirani kapona, tulienda kumpa pole na gharama za hospitali tumechangia ukoo mzima, na yeye mwenyewe anasema huyu apelekwe kutibiwa. Ila kesi ni ya Jamhuri, haifutwi kwa sisi kupatana.

Basi akapandishwa mahakama ya wilaya, hakimu siku ya kwanza tu akaona hayuko sawa, anaongea peke yake, shtaka linasomwa yeye anamuuliza karani kama ng'ombe washanyweshwa. Hakimu akaandika oda apelekwe akapimwe akili. Tukashukuru kwa kweli. Hiyo ilikuwa kabla ya masika, sasa hivi watu wanavuna mahindi na kaka bado yuko rimandi ile ile. Kila tarehe ya kutajwa tunaambiwa bado hajapelekwa, mara gari, mara mafuta, mara hamna askari wa kumsindikiza, mara barua haijajibiwa. Gereza sitalitaja manake kaka bado yuko mikononi mwao. Hajapimwa, hatibiwi inavyotakiwa, hajahukumiwa, yuko yuko tu.

Maswali yangu: kwani kumpima mtu akili kunahitaji nini mpaka msimu mzima upite? Sheria inasema siku ngapi? Na kwanini asipimwe hapa hapa mkoani?

Mzee wa Kazi:
Pole dada. Ila tuseme ukweli siku hizi kila anayemkata mtu panga akifika mahakamani anaanza kuongea na ukuta. Shemeji yangu alijeruhiwa na mtu, mtu akasema kachanganyikiwa, kesi ikasimama mpaka shahidi mmoja akahama mkoa. Sisi tulioumizwa hakuna anayetupa tarehe wala fidia. Msiwafikirie washtakiwa tu.

dada_wa_mwisho:
@Mzee wa Kazi hapo tuko pamoja, jirani yetu naye anapoteza siku ya shamba kila tarehe. Ndo maana nataka iende haraka, sijasema aachiwe.

wakili_wa_mkoani:
Dada pole, ngoja nieleze maana humu watu wengi wanachanganya mambo mawili, na hata mahakamani yanachanganywa, na hapo ndipo muda unapopotelea.

Kuna swali la kwanza: huyu mtu leo hii anaweza kujitetea? Yaani anajua yuko mahakamani, anaelewa anashtakiwa nini, anaweza kumweleza wakili wake kilichotokea na kumuuliza shahidi swali. Hilo hapa kwetu Tanzania liko kifungu cha 216 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Kuna swali la pili: siku ile anamjeruhi jirani, alikuwa anajua anachofanya na kwamba ni kosa? Hilo ndilo la utetezi wa wendawazimu, vifungu vya 219 na 220, ukisoma pamoja na kifungu cha 13 cha Kanuni ya Adhabu. (Hizi namba ni za toleo la 2022 ndo nilizozizoea, toleo jipya la sheria limepanga vifungu upya kwahiyo ukienda kwa wakili wako hakikisheni.)

Sasa 220 inasema mahakama ikiona huenda mtu alikuwa mwendawazimu wakati wa tukio inaahirisha kesi na kuamuru akae hospitali ya akili achunguzwe, na daktari mkuu wa hospitali hiyo anatakiwa kuleta ripoti ndani ya siku 42. Watu wanaisoma haraka wanadhani siku 42 zinaanza hakimu anapoweka kalamu chini. Hapana, zinahesabiwa tangu mtu anapowekwa hospitali. Kwahiyo kaka yako kukaa rimandi toka masika sheria haijaanza hata kumhesabia, na kwa jinsi ilivyoandikwa hakuna siku ya mwisho ya kumfikisha. Hilo ndo tundu lenyewe. Bunge likitaka kusaidia liandike siku za kumsafirisha, siku saba, siku kumi, siku kumi na nne, vyovyote, ila ziandikwe na awepo mtu wa kuulizwa zikipita.

Na kwa vitendo karibu kila oda ya 220 inaishia Isanga, Dodoma, kile kitengo cha watuhumiwa chini ya hospitali ya Mirembe. (Msichanganye na gereza la Isanga, nalo liko Dodoma hapo hapo, nimeshaona ndugu wa mtu wanazunguka na mfuko wa nguo getini kwa magereza.) Nchi nzima inaelekea sehemu moja, mtu wa Kagera, mtu wa Mtwara, wa Rukwa, wote wanahitaji gari, askari na nafasi ya kulala.

Sasa kosa la kaka yako. Kama ni kujeruhi na kuharibu mali hayo yana dhamana. Na 216 inasema mahakama ikiona hawezi kujitetea na kosa lina dhamana, inaweza kumwachia kwa wadhamini ambao wanaahidi kumtunza, kuzuia asidhuru mtu wala kujidhuru, na kumleta siku akitakiwa. Muulize wakili au hata ninyi wenyewe mwombeni hakimu kwa heshima tu: mheshimiwa, tunaomba mahakama ichunguze kwanza kama anaweza kujitetea leo. Hilo halihitaji Dodoma. Hakimu anaweza kuita daktari wa akili wa hospitali ya rufaa ya mkoa akatoa ushahidi, akaita na ninyi ndugu mkaeleza historia. Nimeshaliona likifanyika na likaisha kwa tarehe mbili tatu. Ila mahakimu wengi wanaona rahisi kuandika 220 moja kwa moja maana fomu wameizoea.

Kama hamna wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ipo, wasaidizi wa kisheria wanaingia mpaka magerezani, ulizeni ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri.

Nesi Mstahiki:
Niongezee upande wa afya, mimi nimekaa wodi ya akili miaka mingi sio Isanga ila mkoani.

Swali lako kwamba kupima akili kunahitaji nini. Inategemea unapima nini kama alivyosema wakili. Kujua kama mtu anaelewa kesi yake leo, daktari mzoefu akiwa na kadi ya kliniki mkononi na ndugu mmoja pembeni ni kazi ya asubuhi moja, labda na kumrudia siku nyingine. Unamuuliza umeletwa hapa kwa nini, yule aliyekaa mbele kazi yake nini, yule anayekusomea shtaka yuko upande gani, ukisema ni kweli nini kitatokea. Lakini kujua alikuwaje usiku ule, miezi iliyopita, hapo ndo kunataka kukaa naye wodini, manesi wanaandika usiku na mchana, analala? anakula? anaongea na nani akidhani haonekani? Anayeigiza huwa anachoka wiki ya pili @Mzee wa Kazi, anachanganyikiwa mbele ya daktari tu, akirudi kitandani anacheza bao vizuri na anadai chenji yake kantini. Siku 42 hazikuwekwa kwa bahati mbaya.

Halafu kuna vipimo vya mwili watu hawavifikirii. Kifafa, jeraha la zamani la kichwa, kaswende iliyopanda kichwani, VVU, malaria kali, sukari, pombe ya kienyeji ikikatishwa ghafla mtu akiingia mahabusu. Nimeona mtu kaandikiwa "kichaa" kumbe siku ya tatu bila gongo anatetemeka na kuona wadudu, tukamtibu wiki moja akawa anatusimulia habari za kwao.

Kitu kinachoniuma zaidi ni hiki, kusubiri kupimwa kunaharibu kipimo chenyewe. Mtu aliyetakiwa kuonwa siku ya tano unamwona mwezi wa tano, bila dawa, kakonda, kapigwa na wenzake selo, sasa daktari ataandikaje alikuwaje siku ya tukio? Anabaki kutegemea karatasi. Kwahiyo dada wewe kusanya karatasi: kadi ya kliniki, vyeti vya kulazwa vya zamani, jina la dawa na mwezi zilipokata, na andika ukurasa mmoja tu nani alimwona wiki ile na alikuwa anafanya nini. Usiandike "alikuwa kichaa", andika "alilala nje siku tatu, alikataa chakula akisema kina sumu". Hiyo daktari anaweza kuifanyia kazi.

Dawa za sasa hivi peleka kwa mganga wa gereza na kopi ya kadi, usimpe kaka mkononi, selo dawa za usingizi zinaibwa au zinauzwa.

Mpwani254:
Salam kutoka Mombasa. Kwetu Kenya mambo ni tofauti kidogo. Kesi ya mauaji ikifika High Court, mshtakiwa kabla hata ya kujibu shtaka anapelekwa kupimwa akili, ishakuwa desturi, huku pwani wengi wanapelekwa hospitali ya Port Reitz, Nairobi ni hospitali ya Mathari. Hakuna kungoja mtu aanze kuongea na ukuta ndio jaji ashtuke. Ile kesi ya Shakahola mnaikumbuka, ya mhubiri na wafuasi wake waliokufa njaa msituni, korti ya Malindi Januari 2024 iliamuru washukiwa 31 wapimwe akili kabla ya kusomewa mashtaka ya mauaji, na tarehe 6 Februari walirudishwa, 30 wakajibu, mmoja akaonekana hayuko sawa kujibu, akawekwa kando wengine wakaendelea. Watu 31 wiki tatu. Bila shaka dunia nzima ilikuwa inaangalia, lakini inaonyesha madaktari wapo na gari hupatikana.

Ila nisiwadanganye kwamba sisi tumefika. Kupima kunaenda, shida iko baadaye. Ukionekana huwezi kujitetea au ukapatikana na hatia lakini una maradhi ya akili, sheria yetu ilikuwa inasema ukae ndani kwa radhi ya Rais, yaani mpaka Rais aamue. Ripoti ya kwanza ya hali yako baada ya miaka mitatu, halafu kila miaka miwili, na nani anaisoma? Marehemu Jaji Majanja akiwa Kisumu mwaka 2018 alisema hiyo kazi ya kuamua ni ya korti si ya Rais, na kuna majaji wengine wamesema hivyo hivyo. Hata hivyo kuna wazee wamezeekea huko ndani, hata kwao wameshasahauliwa.

wakili_wa_mkoani:
@Mpwani254 asante, na kwetu ikitoka ile hukumu maalum ya 219, kwamba alitenda ila alikuwa mwendawazimu, ni mambo hayo hayo, anawekwa hospitali au gerezani na faili linaenda kwa waziri. Ndo maana nawaambiaga wateja msishangilie mtu akikutwa mgonjwa, anaweza kukaa ndani kuliko aliyepigwa miaka mitatu kwa kujeruhi.

Na hata akipona katikati, 217 inataka daktari atoe cheti kiende kwa DPP (Mkurugenzi wa Mashtaka), DPP aseme Jamhuri inaendelea na kesi au haiendelei, ndo arudishwe mahakamani. Barua ikilala mezani kwa mtu, mtu mwenye akili zake timamu anakaa wodini na wagonjwa.

Tacoma_Mswahili:
Mimi niko Washington State huku Marekani nafanya ukalimani wa Kiswahili, mahakamani na hospitali. Msidhani huku kuna pepo. Huku swali la kwanza la wakili, kama mtu anaweza kujitetea leo, lina jina lake kabisa na lina sheria yake tofauti, toka mwaka 1960 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema mtu lazima aelewe kesi na aweze kusaidiana na wakili wake. Sasa jimbo letu watu walikuwa wanarundikana jela za kaunti wakisubiri daktari, wakashtaki, kesi inaitwa Trueblood, mwaka 2015 jaji wa shirikisho akaweka kikomo cha siku saba, baadae kwa wanaopimwa jela ikawa siku 14. Jimbo likashindwa kutimiza. Likawa linapigwa faini kila siku kwa kila mtu anayecheleweshwa, na 2023 jaji akawapiga dola milioni 100. Hapo ndo utaona serikali inavyotafuta vitanda. Kwahiyo wakili yuko sahihi kuhusu kuandika siku, ila siku bila faini ni salamu tu.

Kingine kutokana na kazi yangu. Nimekaa kwenye vipimo vya wakimbizi toka Kongo, daktari anauliza "jury ni nini" (wale raia wanaokaa mahakamani kuamua kesi), mtu hajui, daktari anaandika kitu. Hajui kwa sababu hajawahi kuona, sio kwa sababu anaumwa! Inabidi daktari aeleze kwanza halafu aulize tena baada ya nusu saa kama kakumbuka. Nadhani hata huko kwenu, mzee wa Kisukuma aliyekaa porini na ng'ombe ukimuuliza kwa Kiswahili cha mahakamani "Wakili wa Serikali ana wajibu gani" utamwonea tu.

Nesi Mstahiki:
@Tacoma_Mswahili umenikumbusha. Mtu wa kwao akiwepo kutafsiri mgonjwa anaongea mengine kabisa. Ila asiwe ndugu, ndugu anajibu yeye.

Karani Mstaafu:
Nimesoma yote, wote mmesema gari na vitanda, mimi niseme karatasi. Nimefanya ukarani wa mahakama mpaka nimestaafu. Oda ya hakimu inaandikwa ndani ya faili. Faili linarudi kabatini. Ili mtu asafiri lazima itoke barua kwenda gerezani, na kopi ya oda, na hati ya mashtaka, na maelezo ya mashahidi au muhtasari wa tukio toka polisi. Hospitali wakipokea mtu ana oda peke yake watampimaje alikuwaje siku ya tukio na hawajui tukio lenyewe? Wanaandika kuomba. Barua inakuja mahakamani, mpelelezi wa polisi anaambiwa alete, kumbe kahamishwa. Hapo miezi imeenda na gari halijawashwa.

Kwahiyo dada nenda masjala ya mahakama, kwa adabu, muulize karani mambo haya tu: oda ilitoka na barua? barua ina kumbukumbu namba gani na ilipokelewa gerezani na nani? viambatanisho vilikuwepo? Omba na kopi ya oda, ni haki yenu. Ukijua barua imekwama wapi tarehe ijayo mwambieni hakimu hapo hapo, yeye ana uwezo wa kumwita mkuu wa gereza au mpelelezi ajieleze. Hakimu akiambiwa "gari hamna" anaandika ahirisho, akiambiwa "barua yako mheshimiwa haijatoka masjala" anavua miwani.

Na hizi kesi zingekuwa na daftari lake. Zamani tulikuwa na hakimu mmoja mfawidhi alikuwa na daftari la watu wa kupimwa akili, kila Ijumaa analifungua, nani kaondoka, nani ripoti imerudi. Hakuongezewa bajeti wala gari. Alipohama daftari likageuka la kuandikia madeni ya chai.

Mzee wa Kazi:
Hiyo ya daftari nimeipenda. Nami nauliza, kwanini aliyeumizwa asipewe taarifa kwamba kesi imesimama kwa sababu hii, inarudi tarehe fulani? Ujumbe wa simu tu.

wakili_wa_mkoani:
@Mzee wa Kazi hoja nzuri na hainyimi mtu haki yake. Siku hizi mahakama inafungua kesi kwa mfumo wa mtandao, wadaawa wanapata meseji. Kuongeza na mlalamikaji sio kazi ya kutafuta mfadhili.

dada_wa_mwisho:
Wakuu nimerudi, nilienda masjala. Karani alinisaidia sana sio kama nilivyoogopa. Barua ilitoka na ilipokelewa, ila ndani kulikuwa na oda tu, hati ya mashtaka haimo na maelezo ya polisi hayamo. Tarehe ijayo wiki ijayo. Nimeshaongea na msaidizi wa kisheria tutaomba kama alivyosema wakili, aanze kuonwa na daktari wa mkoa kama anaweza kujitetea, na dhamana. Swali la mwisho, wadhamini inabidi wawe watumishi au hata jirani aliyejeruhiwa anaruhusiwa? Maana amejitolea mwenyewe.

wakili_wa_mkoani:
Masharti anaweka hakimu. Wengi wanataka barua ya mtendaji na kitambulisho cha taifa (NIDA), sio lazima mtumishi. Jirani ni shahidi wa Jamhuri, asiwe mdhamini, upande wa mashtaka watapinga na wana haki. Ila anaweza kusimama akaulizwa na mahakama kama ana hofu na kaka yako kurudi kijijini, na jibu lake lina uzito mkubwa. Mchukue mjomba au mtu mzima wa ukoo anayekaa jirani kabisa, na uende na uthibitisho kwamba dawa zipo, risiti au barua ya kliniki. Hakimu swali lake la kwanza litakuwa hilo, zikikata tena itakuwaje.